Trekta Lenye Kwikwi

Mama mkwe wangu alivunjika nyonga akifukuza mbuzi. Mbuzi wenyewe hawakuwa hata wake. Walikuwa wa jirani, wameingia kwenye mtama wake uliokuwa bado haujavunwa, naye akawatokea mbio na fimbo juu ya mawe kama msichana, akateleza. Kijiji chao kiko ng'ambo ya Kibaigwa, unaiacha lami na kufuata njia ya mchanga hadi unapoanza kudhani umepotea. Walimtoa huko kwa bajaji ya mizigo, amelazwa juu ya magunia. Alisimulia baadaye kwamba kilichomuuma zaidi njia nzima ni kwamba mbuzi waliendelea kula.

Alipotoka hospitali aliletwa kwetu Chamwino, kwa sababu ya kliniki. Mume wangu ni fundi umeme, na wakati huo mradi wake ulikuwa Kigoma. Alimleta mama yake, akamwekea kitanda, akafunga vyuma vya kushikia chooni, akakaa siku chache kisha akarudi kazini. Siku ya kuondoka alisimama mlangoni akatutazama sote wawili kama mtu anayewaacha kuku wa mabanda mawili ndani ya tenga moja.

"Mkae vizuri," alisema.

Si kwamba tulikuwa na ugomvi. Tulikuwa na adabu. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, umelala salama, nimelala, basi. Mimi nimezaliwa Tanga mjini, baba yangu alikuwa karani bandarini, na mpaka naolewa sikuwahi kushika jembe kwa zaidi ya dakika ambazo mwalimu wa shule ya msingi alikuwa akinitazama. Siku nilipopelekwa kutambulishwa ukweni, mama mkwe aliniomba mikono. Akavigeuza viganja vyangu, akavipapasa kwa kidole gumba, kisha akanirudishia kama mtu anayerudisha nguo dukani. Hakusema neno baya, siku ile wala miaka yote iliyofuata. Lakini nilikuwa nimekwisha pimwa, na nilijua.

Kwa hiyo tulikaa. Asubuhi nilimwandalia uji, nikamwekea maji karibu, nikaenda kazini. Mimi ni katibu muhtasi katika ofisi moja pale wilayani. Mchana mama wa nyumba ya jirani alikuwa akija kumsaidia. Niliporudi nilimkuta chumbani, amegeukia ukuta. Nilimpikia ugali wa uwele na mlenda kwa karanga, kama mume wangu alivyonifundisha. Alimega matonge mawili akasema ameshiba. Kile chuma cha kutembelea alichopewa hospitali kilisimama pembeni ya kitanda, na khanga zake zikawa zinaanikwa juu yake.

Sebuleni tulikuwa na kompyuta ya mezani. Ofisi moja ilikuwa imeuza mashine zake za zamani, nasi tukamnunulia binti yetu moja alipoanza sekondari. Sasa binti alikuwa kidato cha tano, bweni huko Singida, na mashine ikabaki na mimi. Nilicheza karata. Sioni aibu kusema. Ukishinda kutwa unachapa barua za watu wengine, kupanga karata jioni ni mapumziko kama mapumziko mengine. Kisha nikachoka na karata. Siku moja nikaona gemu la kilimo, toleo la zamani lililopunguzwa bei mpaka likawa kama la bure. Kuna shamba, kuna matrekta, unalima, unapanda, unavuna, unauza. Sijui kwa nini nililitaka. Labda kwa kuwa lilikuwa shamba ambalo hakuna mtu angenitazama nikilikosea.

Lilichukua siku mbili kuingia kwenye mashine. Jumamosi mchana nikalifungua, nikakaa, nikawasha trekta. Likanguruma.

"Nani analima?"

Sauti ilitoka chumbani. Tulikuwa mwezi wa nane, ardhi ya Dodoma ngumu kama sakafu. 

"Ni mimi, mama," nikasema.

 Kisha nikasikia kile chuma kinagonga sakafu, kinagonga tena, na mama mkwe akatokea mlangoni amejifunga khanga kiunoni. Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka chumbani bila kuitwa. Akaja mpaka kwenye kochi lililo nyuma ya kiti changu, akajishusha taratibu, akatazama.

Mashine ilikuwa inahangaika. Trekta lilisogea hatua, likaganda, likaruka mbele, likaganda tena. Ungeligeuza kona, ungesubiri, na lilipogeuka lilikuwa limekwisha pita pale ulipotaka.

"Trekta lako lina kwikwi," alisema mama mkwe.

"Kompyuta ndiyo nzito, mama."

"Udongo mweusi huo. Wa wapi?"

"Ulaya, nadhani."

Akatazama tena kwa muda. "Nyumba zipo, barabara ipo, kanisa lile pale. Mbona watu hakuna?"

"Ni mchezo tu, mama. Hawakuweka watu."

"Msiba," alisema. "Wamekwenda wote msibani, na wewe umebaki unalima."

Nikageuka kumtazama. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa, lakini macho hayakuwa makavu hata kidogo. Alikuwa ananitania. Zaidi ya miaka kumi na tano ukweni kwake, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kunitania.

Alikaa pale mpaka jioni. Alikula palepale kwenye kochi, sahani mapajani, na akaimaliza. Kesho yake, niliporudi kanisani, alikuwa amekwisha kaa.

"Leo hulimi?"

Tukawa hivyo. Tatizo lilikuwa mashine. Kila ilipozidiwa iliganda moja kwa moja, picha imesimama, sauti ya injini ikijirudia kama redio mbovu, na ilinibidi niizime kwa nguvu. Na kila ilipozimwa, mama mkwe alisema "haya," akashika chuma chake, akarudi chumbani na kugeukia ukuta. Nililiona hilo mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu nikaacha kujidanganya kwamba ni uchovu. Shamba likifungwa, naye anafunga.

Ofisini wanawake tulikuwa na mchezo, kila mwezi tunachanga fedha na mmoja anapokea. Zamu yangu ilikuwa inakaribia na nilikuwa nimekwisha chagua kitambaa cha mapazia. Nikaamua mapazia yasubiri. Nilipomwambia mwenzangu mmoja wa ofisini, alicheka mpaka akafuta machozi: fedha za mchezo zinakwenda kwenye mchezo.

Nilipata lifti ya gari la ofisi mpaka Dodoma mjini, nikaenda kwa fundi mmoja mwenye kibanda cha kompyuta karibu na soko. Alikuwa kijana mnene mpole, mezani kwake kuna mashine zimefunguliwa matumbo. Nikamweleza: kompyuta ya mezani, ya zamani ya ofisi, nataka icheze gemu bila kukwama, na sina fedha ya kununua nyingine.

"Gemu gani, dada? La vita?"

"La kilimo."

Nilitegemea acheke. Akatikisa kichwa kama daktari aliyesikia ugonjwa anaoujua. Akaniambia nisinunue mashine nyingine, hiyo ubongo wake bado mzuri, inachokosa ni vitu vitatu. Ramu ni ndogo, iongezwe mara mbili. Diski ni ile ya zamani inayozunguka, iwekwe ya kisasa isiyozunguka, na mashine itawaka kama simu. Na kwa kuwa haina kadi ya picha, kazi yote ya kuchora mashamba na matrekta inauangukia ubongo huohuo peke yake. Tuiwekee kadi ndogo iliyotumika, ile isiyohitaji waya wake wa umeme, maana pawa saplai za mashine za ofisi ni dhaifu na kadi kubwa ingeizimisha.

"Boksi lake ni la kawaida au ni lile jembamba?"

"La kawaida," nilisema, kwa sababu kwangu lilikuwa la kawaida. Sikuwa nimewahi kuona jingine.

Kwa diski alitaka mashine yenyewe, ili ahamishe kila kitu bila kupoteza picha zetu. Ramu na kadi alinipa niondoke navyo. Alinionyesha kwenye mashine ya mezani kwake jinsi ya kuvipachika. "Chomoa waya wa umeme kwanza, shika chuma cha boksi kabla hujagusa ndani, usilazimishe kitu. Kikikataa, kigeuze." Nikarudi Chamwino na bahasha ya kaki kwenye mkoba, nimefurahi kama nimeiba.

Kazi tulifanya wawili. Mama mkwe alishika tochi. Nilipofungua kifuniko, vumbi la ndani lilikuwa jekundu na limelala kama blanketi. Feni yenyewe ilikuwa imevaa manyoya. Mama mkwe alisonya.

"Hii ilikuwa inapumuliaje?"

Tukalitoa boksi nje, nikalipuliza na kulifuta kwa brashi ya rangi, taratibu. Ramu iliingia vizuri, ikalia *ka* kila upande. Kadi nayo iliingia kwenye tundu lake. Lakini nilipotaka kurudisha kifuniko, kifuniko kilikataa. Kadi ilikuwa ndefu, imechomoza nje ya boksi kama mtoto aliyekua akalizidi shati lake. Nikajaribu huku na huku. Mama mkwe akasogeza tochi.

"Umenunua jembe lenye mpini mrefu kuliko mlango," alisema.

Nikampigia fundi. Aliguna. "Dada, hiyo ni ile nyembamba. Ungekuja nayo tungeona. Inataka kadi fupi. Nitakutafutia, hii nitaipokea, usijali. Wakati unasubiri, itumie hivyohivyo, kifuniko wazi, ila angalia vumbi."

Angalia vumbi, Dodoma, mwezi wa tisa! Lakini tukawasha.

Sina namna ya kulieleza jambo hili kwa mtu ambaye hajawahi kukaa na mashine inayokwama. Trekta likaenda. Likaenda tu, kama trekta. Nilikuwa nimeweka picha za kiwango cha chini, kwa hiyo majani yalikuwa hayaonekani kwa mbali. Yaliota kadiri tulivyoyakaribia, mbele yetu kukawa kijani na kwingine kote kukawa kukavu.

"Mvua ya huko inalifuata trekta," alisema mama mkwe. Akasogea kwenye ukingo wa kochi.

Kuanzia hapo hakuwa mtazamaji tena. Alikuwa msimamizi, na mimi kibarua. Nilitaka kupanda mahindi kila mahali kwa sababu ndiyo yaliyokuwa na bei. Akakataa.

"Mahindi tu? Na njaa ikija?"

"Mama, humu hakuna njaa."

"Umeambiwa na nani?"

Tukapanda mtama nusu. Tulipovuna mara ya kwanza, nikaonyeshwa ubao wa bei za masoko yote, nikataka kupeleka mzigo palepale. Akaniuliza zile namba ni nini. Nilipomweleza, alishangaa kuliko alivyoshangazwa na kitu kingine chochote mle ndani.

"Madalali gani hao wanaokutajia bei kabla hujafika?" Akacheka. "Kibaigwa unafika na gunia lako, mmoja anakwambia bei ya jana, mwingine anakwambia lina unyevu, wa tatu anakuhurumia, huyo ndiye mwizi." Akaamuru tuweke ghalani. Tuliweka. Bei ikapanda, naye akanitazama tu.

Mwisho nikampa kiti changu. Alikuwa ameshajua vitufe kwa kuniangalia, kipi mbele, kipi nyuma. Alivikandamiza kwa kidole kimoja, kwa uzito, kama anayefukia mbegu. Aliliendesha trekta likapita shamba, likapita uzio, likashuka kilimani likaingia mtoni, likazama mpaka kwenye vioo. Nikadhani atakasirika.

"Yayagwe!" akapiga kelele kwa Kigogo, akacheka mpaka akashika nyonga. "Limekunywa maji! Liacheni linywe, limelima sana!"

Tulicheka sote wawili. Nilipompelekea chai alikuwa bado anafuta macho kwa pindo la khanga.

Wiki iliyofuata upepo ulianza kuvuma, ule unaokuja na vumbi mpaka unalitafuna kwenye meno. Fundi alikuwa hajapata kadi fupi. Nilikuwa nimemfundisha mama mkwe kuiwasha mashine mwenyewe, na mchana, jirani akishaondoka, alikuwa akilima kidogo kabla sijarudi.

Siku hiyo niliporudi nyumba ilikuwa kimya. Alikuwa ameketi kwenye kochi, mgongo umenyooka, mikono mapajani, kama watu wanavyokaa wakisubiri maiti ifike. Kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi. Juu ya boksi kulikuwa na khanga, imekunjwa mara mbili, imefunikwa vizuri kila upande na kuchomekwa chini.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Akasema, "Nimeiua mashine yako."

Nikaweka mkoba chini.

"Vumbi lilikuwa linaingia ndani yake. Nikasema niifunike, kama unavyofunika mtoto. Ikawa inalia, inalia, nikadhani ni upepo. Ikatoa harufu, ikazima. Nimeibonyeza, haiitiki." Aliongea taratibu, Kiswahili chake kikiwa kimepoteza mkolezo wote wa utani. "Toka nije hapa nimevunja bakuli lako la zawadi. Nimekufanya unaamka kabla ya jogoo. Sasa na hii. Mtu akishakuwa hivi anakuwa kazi ya kuharibu tu."

Niliondoa ile khanga. Boksi lilikuwa la moto, lakini hapakuwa na kilichoyeyuka. Nilijua kwa kiasi fulani kilichotokea, kwa sababu fundi alinieleza: mashine zikizidiwa na joto zinajizima zenyewe zisiungue. Lakini sikuwa na hakika, na sikutaka kumpa tumaini la uongo. Nikachomoa waya, nikafungua dirisha la upande usio na upepo, nikaketi kando yake kwenye kochi. Tuliketi tukisubiri boksi lipoe. Nilikuwa sijawahi kuketi kochi moja naye. Siku zote mmoja kitini, mwingine nyuma.

Nilipoona boksi limepoa nikarudisha waya nikabonyeza. Feni ikazunguka. Kioo kikawaka.

Hakupiga kelele. Aliinamisha kichwa tu.

"Ilizimia, mama," nikamwambia. "Haikufa. Ilikosa hewa ikazimia."

"Ilizimia," alirudia. Baada ya muda akauliza, macho bado yako chini, "Mvua zikianza, kule kwangu nani atalima?"

Swali lile nilikuwa nalikimbia tangu alipofika. Mume wangu alikuwa amekwisha kulipanga. Shamba lote amepewa mtoto wa mdogo wake mama, mtu mzima mwenye mke na watoto palepale kijijini, alilime kama lake. Na mama abaki kwetu moja kwa moja. Aliniambia nisimwambie kwanza, asije akapandisha presha. Alisema kwa mapenzi. Alikuwa amemwona mama yake juu ya magunia kwenye ile bajaji, mimi sikumwona.

Lakini nilikuwa nimekaa na mwanamke huyu wiki kadhaa akiniambia lini nipande, nini niweke akiba, wapi maji yatasimama mvua ikizidi. Nilimtazama nikaona siwezi kumjibu "tutaona, mama," kama anavyojibiwa mtoto.

"Amepewa mpwa wako," nikasema. "Lote. Na imepangwa wewe ubaki hapa."

 Kisha akauliza, "Hata kile kipande cha karanga nyuma ya nyumba?"

"Hata hicho."

"Yule hajui karanga," alisema. "Anazipanda kama anatupa mawe." Na hapo ndipo alipolia, bila sauti, huku akizitazama nyumba zile zisizo na watu kwenye kioo. Nilimshika mkono. Hakuuondoa.

Jioni ileile nilimpigia mume wangu. Nilitoka uani, karibu na tenki la maji. Nilimwambia kwamba mama ameshajua, na kwamba mimi ndiye niliyemwambia.

"Nilikuomba kitu kimoja tu," alisema.

"Najua."

"Ataanguka tena. Akianguka kule nani atamwona? Wewe? Mimi?"

"Hapa amekuwa akianguka kila siku," nilisema. "Hujamwona anavyogeukia ukuta. Mimi nimemwona."

 Akasema tutasubiri neno la daktari. Sauti yake ilikuwa ya baridi, na ilibaki hivyo kwa simu kadhaa zilizofuata. Sikumlaumu. Kwa mkamwana kumtetea mama wa mtu mbele ya mtoto wake mwenyewe ni jambo geni. Hata mimi nilijishangaa.

Fundi alipopiga kwamba kadi fupi imepatikana, niliibeba mashine mpaka mjini. Aliichukua ile kadi ndefu akanipa fupi, akahamisha kila kitu kwenye diski mpya, akafunga kifuniko, kikaingia *tap*, bila ugomvi. Picha zote za binti yetu zilikuwamo, na shamba pia. Nilipoiwasha nyumbani, mama mkwe alikuwa bado anatafuta pa kuegemeza chuma chake na kioo kilikuwa tayari.

"Imekuwa kijana," alisema.

Daktari alisema mfupa umeunga. Atembee kwa fimbo, asibebe ndoo, asiiname kwa muda mrefu, asifukuze mbuzi. Hilo la mwisho nililiomba mimi aliseme, naye akalisema kwa uso wa kazi kabisa. Mama mkwe alimwitikia kwa heshima zote, na nikajua hatalitii.

Nilichukua likizo tukaenda wote mwezi wa kumi na moja, mawingu yameanza kujikusanya upande wa Mpwapwa. Mpwa wake alitupokea vizuri, na kusema kweli alionekana mtu aliyepata nafuu. Shamba lote lilikuwa kubwa kwake. Wakaelewana chini ya ukuta wa nyumba, mimi nikichambua mchicha na kujifanya sisikii: yeye atalima kule chini kwenye mtama na mahindi, mama atabaki na kile kipande cha nyuma, na mke wa mpwa atakuwa anamchotea maji na kulala naye nyumba moja mpaka mguu upate nguvu.

Mvua iliponyesha nilikuwa bado nipo. Nikalima kile kipande mimi. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda, fimbo mkononi, akinionyesha.

"Usichimbe kaburi. Fukua kidogo. Hapo. Sasa hatua."

Jioni viganja vyangu vilikuwa vimetoka malengelenge, mawili yamepasuka. Alinipaka mafuta ya nyonyo, akavifunga kwa kitambaa. Hakusema lolote kuhusu mikono yangu, na mimi sikuuliza.

Mume wangu alikuja Desemba. Hakupitia Chamwino, alishuka Kibaigwa akaenda moja kwa moja kwa mama yake, na mimi nilikaa nyumbani nikiwa na wasiwasi kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Alinipigia kesho yake, upepo ukivuma kwenye simu.

"Amenenepa," alisema.

"Eh?"

"Amenenepa. Nimemkuta anamgombeza mtu kuhusu nafasi za karanga, hata hakuniona nikifika." Akaongeza, "Anachechemea lakini."

"Atachechemea," nilisema. "Daktari alisema."

"Ndiyo." Nilimsikia akimwitikia mtu kwa Kigogo, sauti ya mwanamke ikiamuru kitu kwa mbali. "Naitwa," aliniambia. "Kuna palizi hapa, amenipa jembe. Nitakupigia baadaye."